Kaka yangu ana miaka 34 na bado anatembea na sungura wa kitambaa. Nimwombe amwache nyumbani siku ya harusi yangu?

Kitindamimba
Habari zenu. Kaka yangu ana usonji (autism). Ni mhakiki wa hesabu za ghala, anajitegemea, na sijawahi kusikia amechelewa kazini. Ila haendi popote bila sungura wake wa kitambaa. Sikio la kushoto limeshonwa upya mara tatu, mara mbili nimelishona mimi. Jioni huangalia katuni zilezile, na akifurahi hupepea mikono.

Mwezi ujao naolewa. Shangazi kaniita pembeni: "Mwambie huyo mdoli abaki nyumbani, watu watasema hana akili." Nikaitikia upesi. Usiku sikulala. Nilikumbuka mwalimu aliyekuwa akimbana mikono juu ya dawati kila alipopepea, nami mdogo wake nikiona ni sawa tu. Hasa nyinyi wenye usonji, mnanishauri nini?

Fundi Saa
Dada, mimi nina usonji, nina miaka 41. Nilijizuia kupepea mikono miaka ishirini na kitu. Ofisini walinisifu kwa utulivu. Nikifika nyumbani nalala sakafuni, taa zimezimwa, siwezi hata kujibu simu ya mama. Utulivu wote ule niliulipia pale sakafuni.

Mchunguze kaka yako: sungura anamshika zaidi saa ngapi? Nahisi ni penye kelele au wageni wengi. Basi harusini ndipo atakapomhitaji kuliko siku zote.

Mlezi Mstaafu
Nilifanya kazi miaka mingi katika makao ya watu wazima wenye ulemavu. Tulikuwa na kanuni: kila mtu apewe vitu vya umri wake. Chanzo chake kilikuwa chema. Zamani watu wazima walivalishwa kitoto na kuitwa "mtoto mzuri", na miaka ya 1960 na 1970 watetezi wa watu wenye ulemavu, akina Bengt Nirje na Wolf Wolfensberger, wakadai waishi maisha ya kawaida kama wengine. Sisi wahudumu tukaigeuza ikawa ya kunyang'anya. Mimi kwa mikono yangu nilimnyang'anya mama wa miaka hamsini kisanduku chake cha muziki. Aliacha kuimba asubuhi. Jambo hilo linanichoma mpaka leo.

Hata jina la hali yenyewe lilituchanganya. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 1980 uliiita usonji wa utotoni, jina hilo likabadilishwa 1987. Ni kama vile hawa watu hawakutarajiwa kukua.

Mama wa Mmoja
Nawaheshimu, lakini msimlaumu shangazi kupita kiasi. Kijana wangu ana miaka 27. Akiwa na gari lake la kuchezea mkononi, daktari ananiuliza mimi: "Anaumwa wapi?" Akiliweka mfukoni, anaulizwa mwenyewe. Mara moja vijana walimzunguka kituoni wakamnyang'anya. Labda mtasema watu wamebadilika. Mimi ndiye ninayemsubiri mlangoni. Simkatazi tena, lakini siachi kuogopa.

Fundi Saa
Mama, woga wako ni wa haki. Ila huyo daktari ndiye aliyekosea. Mtu mwenye gari la kuchezea bado anajua tumbo lake linauma wapi. Na wewe dada, mbona hujasema umemuuliza mwenyewe?

Kitindamimba
Kweli, sikuwa nimemuuliza. Nimetoka kwake sasa hivi. Nilimweleza yote, hata maneno ya shangazi. Akafikiri kidogo, akasema: "Sungura hapendi meza kuu. Atakaa mfukoni, upande wa kushoto." Kisha akaniuliza spika zitawekwa wapi na mlango wa nyuma unafunguliwa saa ngapi.

Mlango nitausimamia mwenyewe. Koti lake nimelipeleka kwa fundi aongeze mfuko wa ndani, wa kina, sikio lisitokeze ila akitaka. Shangazi nitamwona Jumamosi.