Singeli mmeikumbatia, kigodoro mmekipiga marufuku. Sasa sisi tucheze wapi?

Wakuu, heshima mbele. Mods, naombeni uzi huu msiuhamishie kule kwenye umbea wa wasanii, utafia huko kabla sijamaliza kutoa dukuduku langu. Kwa mgeni: singeli ni muziki wetu wa kasi wa uswahilini Dar, na kigodoro ni mkesha wa kuucheza mtaani.

Nyumbani kwa dada yangu kulikuwa na shughuli ya kumtoa mwali. Kibali tumekata, tumelipa, mhuri umegongwa. Turubai limefungwa, viti vimepangwa, jenereta lipo, kina mama wamependeza na sare zao. Haijafika saa tano usiku, gari likasimama, wakashuka watu wakaamuru muziki uzimwe. Tukatoa karatasi. Mkubwa wao hakuisoma hata mstari mmoja. Akauliza, "Hapa mnapiga nini?" Dada akajibu singeli. "Basi hiki ni kigodoro, na kigodoro kimekatazwa." Laptop ya DJ ikabebwa, kesho yake ikarudi kwa pesa isiyo na risiti.

Ningemeza, kumeza tumezoea. Ila siku chache baadaye nikakutana na klipu ya hafla moja ya waheshimiwa. Mahema meupe, maua mezani, na kinachopigwa ni singeli. Waheshimiwa wamevua makoti wanakata viuno, mpiga picha kapiga goti asije akawakosa. Ngoma ileile iliyomlaza dada yangu na presha.

Kwa hiyo msiniambie tatizo ni muziki, wala msiniambie ni maadili. Nimezaliwa Manzese, nimekulia humo humo, na nimeona hii tabia ikirudiwa kwa kila kizazi cha ngoma za mji huu.

Kabla ya singeli kulikuwa na mchiriku, wengine tukiuita mnanda, na kabla yake kulikuwa na mdundiko wa Wazaramo, wenye mji wao. Mdundiko ulikuwa unatembea. Unaukuta Magomeni, unajisahau nyuma yake, unakuja kuzinduka Buguruni na ndala moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vijana wakayachukua mapigo ya ngoma zile wakayawekea kinanda kidogo cha Casio, kile ambacho kwa wenye nacho kilikuwa cha mtoto kuchezea. Wakakiunganisha na amplifaya za kuungaunga na spika za honi, na umeme ukikatika betri la gari lipo. Sauti ilikwaruza, iliuma masikio, na utamu ulikuwa hapo hapo. Jagwa Music walishikilia mtindo ule kwa takribani miaka 20, mpaka lebo ya Ubelgiji ikawatolea albamu mwaka 2012. Hapa nyumbani miaka yote hiyo wapiga mnanda waliitwa wahuni na wavuta bangi.

Ikaja zamu ya taarab. Kwenye shughuli za uswahilini DJ akifika pale mwimbaji anaponyamaza na kubaki ala tupu, anakirudiarudia kile kipande, na MC anashika maiki anaanza kutaja majina ya waliopo na kuchomekea maneno yake. Kipande kikawa kirefu kuliko wimbo. Kikaongezwa kasi, kikaongezwa tena, ikazaliwa singeli. Msaga Sumu na wenzake wakaingia humo wakitokea kwenye mnanda. Pale Mburahati studio ya Sisso ikawa inafyatua biti za mapigo 200 kwa dakika, nyingine zinakaribia 300. Huo muziki wa hausi mnaouita wa kistaarabu unatembea kwenye 120 na kitu.

Naomba mnielewe kuhusu hiyo kasi, maana kuna watu wanaisikilizia kwenye simu wakiwa ndani ya daladala halafu wanasema ni makelele. Singeli haikutengenezwa kwa ajili ya simu. Ni saa nane usiku, mmebanana chini ya turubai, mwili unachagua wenyewe: miguu inakimbizana na mapigo yote, kiuno kinachukua nusu yake, taratibu kabisa. Ndiyo maana mama mtu mzima na kijana wa kidato cha nne wanacheza biti moja na kila mtu yuko kwenye mwendo wake. Na MC anawaona. Akiona upande wa kina mama umepoa, anahamia huko, anamtaja Mama Fulani na mtaa wake na ukoo wake. Mama Fulani anatoka na noti anamtunza. Shoga yake hakubali, anatoka na mbili. Hapo DJ kapata, MC kapata, muuza mihogo na muuza kahawa nao wamepata. Hakuna mdhamini wala tiketi. Na mwenye usiku ule, anayeamua ngoma iendelee au ifungwe, ni mama mwenye shughuli. Hili watu wanalisahau kabisa wanapohadithia singeli: wanawake wa uswahilini ndio waliolipia kila hatua yake, kwa vikoba na michango yao, miaka kabla prodyuza yeyote hajapanda ndege.

Kufika 2016 redio za Dar zikaikubali. Man Fongo, Sholo Mwamba, Dulla Makabila wakawa majina ya nchi nzima. Nilifurahi, sikatai. Lakini tazameni kilichopita kwenye mlango ule. Ulipita wimbo wa dakika tatu, maneno yamesafishwa, kasi imepunguzwa kidogo, kiitikio cha kushikika. Usiku mzima ulibaki nje. Kutunzana kulibaki nje. Mama mwenye shughuli alibaki nje. Siku hizi ukienda kwenye tamasha la singeli, mbele yako kuna uzio, mbele ya uzio kuna walinzi, na mbele ya walinzi kuna meza za VIP ambazo watu wake wanachezea simu. Hata ukitaka kumtunza MC unapitia wapi? Na MC mwenyewe hamtaji mtu, anataja kampuni iliyolipia jukwaa.

Najua kuna watakaokuja hapa kuwatupia lawama wazungu na lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, eti wametuchukulia muziki wetu. Mimi siko huko. Wale walitoa albamu ya mkusanyiko wa studio ya Sisso mwaka 2017, wakati sisi wenyewe bado tuko kwenye mjadala wa kama singeli ni muziki. Wasanii wa singeli kina Jay Mitta, Duke, Bamba Pana na MCZO wakapata pa kupiga Ulaya. Na msidhani Uganda kulikuwa peponi: mwaka 2018 waziri wao wa maadili alitaka kulizuia kabisa tamasha la Nyege Nyege, la watu hao hao wa lebo, mpaka akabanwa akalegeza. Ninachokiona cha ajabu kwenye safari hiyo ya Ulaya ni kingine. Kule anayejulikana ni mtengeneza biti, maneno hawayaelewi. Hapa kwetu anayejulikana ni mwenye maiki, na mtengeneza biti analipwa hela ya vocha halafu biti yake inarekodiwa na watu wengine ambao hata hawajui jina lake. Sheria ya hakimiliki tunayo tangu 1999. Muulizeni kijana yeyote wa studio ya chumba kimoja kama ameshaona mrabaha wa singeli. (Nitawahi kabla hamjanirukia: ndiyo, na wenye taarab waliokatwa vipande vyao nao hawakulipwa. Deni ni la ukoo mzima.)

Sasa turudi kwenye kinachoniuma, maana naona nimeanza kuzunguka. Ni kiwanja.

Muziki wa kukesha haukai hewani, unahitaji ardhi ya kusimama. Mnanda ulikuwa na viwanja. Pale nilipouchezea utotoni sasa kuna ukuta na geti, na ndani hakuna hata nyumba, kuna majani na bango la "hapauzwi". Viwanja vikaisha, watu wakaanza kufunga turubai barabarani katikati ya nyumba. Hapo ndipo ugomvi wa kelele ulipozaliwa. Hakuna aliyependa kupiga spika dirishani kwa mgonjwa, ni nafasi ndiyo iliyobaki. Halafu wakuu wa wilaya na wa mikoa, mara huyu mara yule, wakasimama mbele ya kamera kutangaza kwamba vigodoro marufuku. Hakuna aliyetangaza kwamba eneo fulani limetengwa, nendeni mkakeshe kule.

Mtaniambia nenda ukumbini. Kina mama wa mtaani kwetu ukumbi wanausikia tu, bei yake inamaliza mchango wote kabla hata mchele haujanunuliwa. Na huko nako saa sita kamili taa zinawashwa, meneja anapita na ufunguo.

Hili halikuanzia kwetu. Uingereza mwaka 1992 vijana zaidi ya 20,000 walijaa kwenye uwanda wa Castlemorton wakacheza karibu wiki nzima. Mwaka 1994 bunge lao likapitisha sheria ya kuvunja mikesha ya aina hiyo, na sheria ikaenda mpaka kuutaja muziki wa mapigo yanayojirudiarudia. Wakasukumwa kwenye kumbi zenye leseni na tiketi, na kumbi nazo zikaliwa na bei ya ardhi. Klabu ya Haçienda ya Manchester ilifungwa 1997, leo pale ni maghorofa ya watu kuishi, na wameyaita jina lilelile bila aibu. Wajerumani walau wamejaribu. Mwaka 2021 bunge lao liliazimia kwamba klabu za muziki zitambuliwe kuwa sehemu za utamaduni kwenye mipango ya ujenzi wa miji, zisihesabiwe tena kundi moja na nyumba za kamari. Mwaka 2024 tekno ya Berlin ikaingia kwenye orodha yao ya urithi. Tazama mpangilio: jengo kwanza, sifa baadaye. Sisi tunagawa sifa, halafu tunakuja kuzima jenereta.

Haya, na nyie mliokaa tayari kuandika "vipi kuhusu watoto", nawajibu hapa hapa. Ni kweli, nimeona watoto wa shule ya msingi wakiwa macho saa tisa usiku mbele ya spika, na wanayoimbiwa si ya umri wao. Nimeona wizi wa simu, nimeona wasichana wakishikwashikwa na MC akichekelea badala ya kusimamisha muziki. Sitetei hata kimoja. Lakini hayo yote yana dawa zake: saa ya kufunga inayojulikana, watu wazima wa mtaa wanaosimama mlangoni, mgambo anayekuja kulinda badala ya kukusanya. Kanuni za kelele zipo tangu 2015, zinazungumzia desibeli, hazizungumzii singeli. Njooni na kipimo basi! Mbona mkesha wenye spika kubwa kuliko zetu unapita, ilimradi kinachopigwa siyo hiki?

Na nyie wazee wenzangu wa mnanda mnaokuja kwenye kila uzi kusema "vijana wameharibu, muziki ulikuwa enzi zetu", naomba leo mnyamaze. Enzi zetu wapenzi wa muziki wa dansi walituita wahuni, maneno hayo hayo mnayowaambia vijana leo. Kijana aliyekaa na laptop iliyopasuka kioo, anaburuta kipande cha sekunde nne mpaka kinakesha, anafanya kazi ileile tuliyofanya na Casio na betri la gari. Nawashangaa mnaosimama upande wa wanaozima jenereta eti kwa sababu biti ina kasi.

Ukija msimu wa kampeni mtaona. Malori yatapita Tandale na Kigogo na spika hadi juu, singeli kutwa, hakuna atakayeuliza kibali wala desibeli. MC wetu watalipwa mara moja, watapewa fulana. Uchaguzi ukiisha, dada yangu akifunga turubai, gari litakuja tena.

Kwa hiyo naomba vitu viwili tu, na sitaki kejeli. Kwanza, mwenye nakala ya hilo katazo la vigodoro aiweke hapa. Nakala yenye namba, tarehe na sahihi, inayosema ni sheria ipi na adhabu yake ni kiasi gani. Kauli ya mheshimiwa kwenye televisheni siitaki, ninazo nyingi. Pili, aliyepo kwenye kamati ya mipango miji ya manispaa yoyote ya Dar atuambie, kwenye ramani zenu kati ya Manzese na Mburahati kuna eneo la wazi lililobaki? Liko wapi, na ufunguo wa geti anao nani?