Mdogo wangu kashikwa, mama kaambiwa aandae laki 3 ya dhamana, ni sahihi?

Sato wa Igombe: Wadau habari zenu. Mdogo wangu kashikwa juzi asubuhi mwaloni, tajiri anadai kamwibia mashine ya mtumbwi ya milioni 6, mpaka leo yuko lokapu na kuna askari kamwambia mama alete laki 3 ndo atoke, mama keshaanza kutafuta wateja wa mbuzi zake huko Ukerewe. Kwenye muvi za Marekani naona kampuni inalipwa inamtoa mtu, na huku ni hivyo hivyo?

Dada Buhongwa: Pole sana kaka. Mama asiuze hata mbuzi mmoja, dhamana ya polisi ni BURE. Marekani ile ni biashara, unampa wakala kama asilimia 10 na hairudi hata ukishinda kesi, huku hakuna hiyo kitu. Na masaa 24 si yameshapita? Walitakiwa wampe dhamana au wampeleke mahakamani. Nenda na mzee mmoja mwenye heshima zake, mwombeni mkuu wa kituo, semeni tumekuja kumdhamini.

Mzee wa Kamanga: Akifika mahakamani muwe na wadhamini wawili, vitambulisho vya NIDA na barua ya mtendaji wa mtaa, picha ya mdhamini igongwe mhuri. Mimi ya kwangu haikugongwa, nikarudi mtaani mbio kuufuata mhuri, nafika saa tisa hakimu keshaondoka na ilikuwa Ijumaa, kijana niliyekuja kumdhamini akalala gerezani Butimba mpaka Jumatatu, iliniuma sana. Hakimu akisema bondi ya milioni 3 msishtuke, ni ahadi ya kusaini siyo hela ya kutoa pale. Ila someni thamani kwenye hati ya mashtaka, ikizidi milioni 10 mtatakiwa kuweka nusu yake, hela au mali. Na wakiandika unyang'anyi wa kutumia silaha hapo dhamana hakuna kabisa.

Mama Furu: Anayesaini amjue huyo kijana vizuri jamani. Nilimdhamini shemeji akavukia visiwani, mahakama ikaniita mimi, nikauza mtumbwi kulipa ile bondi. Ukiona mtu ameanza kukukwepa wahi kwa hakimu uombe kujitoa kabla hajatoroka.

Sato wa Igombe: Wabeja sana, asanteni. Nimempigia mama, mbuzi hauzi. Baba mdogo ndo atasaini, sasa hivi tuko kwa mtendaji na picha mbili.