Naomba ushauri: Chevrolet Bel Air ya plastiki iliyojengwa mwaka 1964, niifufue vipi bila kuiharibu?

Binti wa Pangani

Ndugu zangu, nawasalimu. Ninaishi Michigan, mwendo wa saa moja kwa gari kutoka Detroit, na kwa miaka mitatu sasa nimekuwa nikijenga modeli za magari ya zamani ya Kimarekani, ila zote nilizozijenga zilikuwa mpya, zimetoka kwenye boksi vipande vyake vikiwa kamili. Wiki mbili zilizopita bibi mmoja jirani yangu, ambaye wakati wa baridi mimi humsaidia kuondoa theluji mlangoni, aliniletea boksi la viatu lililofungwa kwa uzi. Ndani yake mlikuwa na Chevrolet Bel Air ya mwaka 1957, ya milango miwili, kwa kipimo cha 1:25, ambayo marehemu mumewe aliijenga alipokuwa kijana. Bibi anahamia kwa bintiye kiangazi kitakapokwisha, na ameniomba, kama inawezekana, aondoke na gari hilo likiwa limerudi kuwa na sura ya gari.

Hali yake ni hii. Rangi ni buluu iliyokolea, imepakwa kwa brashi, nene kiasi kwamba maandishi ya "Bel Air" yaliyo ubavuni kwa nyuma yamezama na hayasomeki. Gundi imemwagikia kioo cha mbele, na juu ya paa kuna alama ya kidole gumba iliyogandia ndani ya plastiki. Kromu imechakaa, na bampa ya nyuma haipo kabisa. Matairi yalihifadhiwa yakiwa yamelalia boneti, na moja limeila plastiki likaacha kovu la nusu duara. Chini ya chasi mzee alichora kwa sindano herufi mbili za jina lake na mwaka 1964.

Kosa moja nimeshalifanya. Nilitia tone la dawa ya kuondolea rangi ya kucha chini ya chasi, mahali pasipoonekana, nikikusudia kujaribu tu. Plastiki ililainika kama nta, na nilipoigusa ikabaki na mistari ya kidole changu. Tangu siku hiyo sijaigusa tena. Naomba kujua rangi hii nitaiondoaje, bampa nitaipata wapi, na jambo linaloninyima raha kuliko yote: je, ni haki niifute kazi ya mikono ya mzee wa watu?

Karakana ya Kisauni

Dada yangu, pole kwa chasi, lakini kilichotokea hapo ndicho kinachoeleza kila kitu kingine kwenye gari hilo. Plastiki ya modeli hizi ni polistirini, na dawa ya kucha aghalabu ina asetoni, ambayo huiyeyusha polistirini moja kwa moja. Thina ya selulosi inayotumiwa na wapiga rangi wa magari hufanya hivyohivyo, na petroli pia si salama, kwa hiyo viweke mbali. Gundi ya modeli nayo hufanya kazi kwa njia hiyo: haibandiki vipande kama gundi ya mbao, bali huyeyusha nyuso mbili zikaungana zikawa kitu kimoja. Ndiyo maana lile dole gumba la paani si gundi iliyokaa juu ya plastiki, ni plastiki yenyewe iliyolainika ikagusa mkono wa kijana wa mwaka 1964. Hakuna kimiminika kitakachoiondoa. Ni msasa tu.

Kuhusu rangi, mimi natumia mafuta ya breki ya DOT 3. Kila fundi wa gereji anajua kwamba yakidondokea boneti ya mteja, rangi huvimba na kuinuka, ilhali polistirini huiacha salama. Tafuta chombo cha plastiki chenye kifuniko, kilaze bodi ndani mpaka izame, kisha uiache usiku kucha. Kesho yake vaa glavu na miwani, uisugue kwa mswaki wa zamani ukifuata mistari ya milango na ya boneti, kwa sababu rangi ya miaka sitini hujificha hapo. Ukiona bado imeshika, irudishe. Rangi ya mafuta iliyokauka muda mrefu namna hiyo inaweza kudai siku tatu au nne, na mtu akikosa subira ndipo anapochukua kisu na kuukwangua urembo wa bodi.

Kabla ya hayo, vitenganishe vipande. Liweke gari zima kwenye friza kwa saa kadhaa, kwani gundi ya zamani ikipata baridi kali huwa kavu na baadhi ya viungo huachia kwa kusukumwa kidogo tu. Zilinde nguzo zile mbili zinazoshika kioo cha mbele. Bel Air ya aina hii haina nguzo ya katikati, kwa hiyo paa lote linategemea nguzo nyembamba, na mimi nimeshavunja moja kwa kuharakisha.

Mnyamwezi wa Minnesota

Nakubaliana na mwenzangu wa Kisauni kuhusu asetoni, ila kwenye mafuta ya breki ningekushauri tofauti kwa sababu ya mahali unapoishi. Huko uliko huruhusiwi kuyamwaga kwenye sinki wala kwenye mtaro. Itakubidi uyapeleke kwenye kituo cha kukusanyia taka za sumu. Katika maduka ya vipuri vya magari kuna sabuni kali ya rangi ya zambarau ya kuondolea grisi, yenye magadi makali, ambayo huondoa rangi ya mafuta vizuri na husuuzwa kwa maji. Ngozi haiivumilii, kwa hiyo glavu ni lazima. Alkoholi ya isopropili ya asilimia 91 kutoka duka la dawa ni laini zaidi na inafaa sana kwa rangi za akriliki, lakini rangi ya mafuta ya miaka hiyo aghalabu huishinda. Wenzetu walioko Nairobi au Dar wanaweza kutumia Dettol isiyochanganywa na maji, mradi wakumbuke kwamba rangi iliyolainika isuguliwe na kusuuzwa kwa Dettol hiyohiyo kwanza. Maji yakitangulia, yote hugeuka ute unaonata kama ulimbo.

Kromu ni rahisi. Ile ni aluminiamu nyembamba mno iliyorushwa juu ya vanishi ndani ya chombo kisicho na hewa, nayo jiki ya kufulia huiondoa, wakati mwingine kwa dakika chache. Itakayobaki ni vanishi ya manjano, na sabuni ile ya zambarau itaimalizia. Nakusihi, jiki usiichanganye kamwe na sabuni hiyo, wala na alkoholi, wala na siki. Kila kimoja kipate bakuli lake, na dirisha liwe wazi.

Lile kovu la tairi nalo lina maelezo. Tairi za modeli za zamani ni za vinili iliyotiwa mafuta ya kuilainisha, na mafuta hayo huhama polepole yakaingia kwenye polistirini inayogusana nayo. Lijaze kwa pati, usawazishe kwa msasa, na kuanzia leo matairi yakae kwenye mfuko wao peke yao.

Mama Nassor

Mimi nitajibu lile swali ambalo mafundi wamelipita. Nina modeli tatu alizojenga kaka yangu aliyefariki, na ya kwanza niliivua rangi yote nikaijenga upya, ikapendeza mno, nami nikajuta kwa sababu nilipoitazama sikumwona tena. Mbili zilizobaki nimezisafisha tu kwa maji ya vuguvugu na matone ya sabuni ya vyombo, nikarudishia vipande vilivyoachia. Dada, usianze na mafuta wala sabuni ya zambarau. Anza na bibi. Mwulize anapolitazama gari hilo huona nini, kisha ndipo utakapojua ni kipi kiguswe na kipi kisiguswe.

Binti wa Pangani

Nawashukuru kwa moyo wote. Mama Nassor, jana jioni nilifanya kama ulivyosema, nikakaa na bibi jikoni kwake. Kumbe gari walilolitumia walipokuwa wachumba lilikuwa Bel Air kama hiyo, ya buluu hafifu yenye paa jeupe. Bibi anasema mzee aliitafuta buluu ile dukani asiipate, akachukua iliyokuwapo, na kila mgeni aliyeisifia modeli ile aliambiwa na mzee kwamba rangi siyo. Kwa hiyo bibi anataka kuiona rangi yenyewe. Nilipomwonyesha zile herufi chini ya chasi alizigusa, kisha akaniomba pale pasiguswe.

Nimeamua basi kwamba bodi nitaivua rangi, na chasi, injini na viti vitabaki kama mzee alivyoviacha. Injini aliipaka rangi ya machungwa kwa uangalifu mkubwa, hata sioni la kuongeza. Tafadhali nisaidieni kuhusu rangi na bampa.

Juma wa Gerezani

Rangi ninayoidhania ni ile ambayo Chevrolet waliiita Larkspur Blue, na nyeupe ya paa ni India Ivory. Zote mbili zilikuwa kwenye orodha yao ya mwaka 1957. Mpelekee bibi vipande viwili vya plastiki vilivyopakwa, kimoja Larkspur na kingine Harbor Blue ambayo imekolea zaidi, achague mwenyewe akiwa kwenye mwanga wa jua. Praima iwe ile ya modeli, kwa sababu rangi ya gari halisi ikiwekwa juu ya polistirini tupu huifanya ikunjamane na kupata nyufa ndogondogo.

Sasa yale maandishi. Bodi ikishapata praima na mkono wa kwanza wa rangi, ukakauka kabisa, chukua karatasi ya Bare-Metal Foil, ile nyembamba ya metali yenye gundi nyuma, ibandike juu ya maandishi ya "Bel Air", uikandamize kwa kijiti cha meno hadi kila herufi ijitokeze, kisha uikate kuyazunguka kwa wembe mpya. Baada ya hapo pulizia mikono ya rangi iliyosalia juu yake. Kabla rangi haijakomaa, chukua kitambaa cha pamba kilichovutwa kwenye ncha ya kidole, kikiwa na unyevu kidogo tu wa thina ya rangi hiyohiyo ya modeli, upitishe juu ya herufi mara moja moja. Rangi iliyo juu ya herufi itatoka, karatasi itang'aa, na herufi zitasimama safi katikati ya buluu kuliko brashi yoyote ingeweza kuzichora. Fanya mazoezi kwanza kwenye bodi usiyoithamini. Mistari ya pembeni ibandikie karatasi mwishoni, rangi ikishakauka.

Usisahau kwamba Bel Air ya mwaka huo ilitofautiana na ndugu zake wa bei ndogo kwa dhahabu ya kwenye grili. Paka rangi ya manjano inayopitisha mwanga ya Tamiya, X-24, juu ya kromu, nayo itageuka dhahabu.

Kuhusu bampa, jina la AMT, kampuni ya modeli iliyoanza mwaka 1948 hukohuko eneo la Detroit, leo liko mikononi mwa Round 2 ya South Bend, Indiana, nao wamelitoa tena boksi la Bel Air ya 1957. Kulinunua kwa ajili ya vipande si vibaya, lakini pima kabla ya kubandika, kwani kampuni moja inaweza kuchonga kalibu mpya ya gari lilelile na vipande visikae sawa. Ukiuziwa ya kampuni nyingine, Monogram, ya kipimo cha 1:24, usiichukue. Gari halisi lilikuwa na upana wa takribani sentimita 188, kwa hiyo kwa 1:25 ni sentimita 7.5 na kwa 1:24 ni 7.8. Milimita hizo tatu, kwenye bampa, mtu ataziona akiwa mlangoni.

Karakana ya Kisauni

Naongeza kuhusu kioo cha mbele, maana umekisahau. Gundi iliyokimwagikia isawazishe kwa msasa wa maji namba 1000, kisha 2000, kisha 4000, umalizie kwa dawa ya meno kwenye kitambaa laini. Kitatumia jioni nzima. Unapokirudisha, tumia gundi nyeupe ya karatasi, usithubutu supagluu, kwa kuwa mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye kioo na kwenye kromu.

Binti wa Pangani

Natoa taarifa. Nilichagua sabuni ya zambarau, na bodi imelala humo siku tatu. Leo asubuhi nimeisugua, buluu ikatoka kwa mapande, na chini yake plastiki ni nyeupe kama maziwa. Maandishi yamejitokeza pande zote mbili, hata kitone cha herufi ya "i" kipo. Dole gumba la paani limebaki kama mlivyosema; bibi ameliona na ametaka lisawazishwe, kwa kuwa, anasema, paa la gari lao lilikuwa laini na mzee alikuwa akilifuta kila Jumapili.

Alipoishika bodi ile nyeupe, alipeleka kidole kwenye pezi la nyuma upande wa kushoto na kunieleza kwamba hapo ndipo petroli ilipotiwa, nyuma ya kipande cha kromu kinachofunguka, na kwamba vijana wa vituo vya mafuta walilizunguka gari wakikitafuta kifuniko huku mzee akitulia ndani akingoja waulize. Kwenye modeli hakuna mstari wa kifuniko hicho. Nitauchora mimi kwa ncha ya sindano kabla ya kuweka praima, na kama kuna mwenye picha ya karibu ya pezi la kushoto la Bel Air halisi, naomba aiweke hapa ili niupate mahali pake hasa.