Watoto waulizwe vipi kabla ya mpango wa shehia kupitishwa?

Mjumbe wa shehia, Wete

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi ni mjumbe wa kamati ya shehia moja, yaani eneo dogo la utawala lililo chini ya sheha, huku Wete, Pemba, na mwezi ujao tunakaa kupanga mahitaji yetu ya mwaka: maji, njia ya kwendea skuli na uwanja. Kwa upande wa watoto, mazoea yetu ni yale yale. Tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika, mtoto mmoja aliyevaa sare iliyopigwa pasi husoma risala aliyoandikiwa na mwalimu wake, sisi tukapiga makofi, na karatasi ikaingia katika faili. Naona haya kusema kwamba sikumbuki risala hata moja iliyobadilisha kitu. Je, sheria inatutaka tufanye nini hasa, na tuanze vipi bila ya kuwaudhi wazee?

Mwanasheria, Unguja

Waalaykum salaam. Msingi ni kifungu cha 12 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991: mtoto mwenye uwezo wa kuwa na rai yake ana haki ya kuitoa katika kila jambo linalomgusa, na rai hiyo ipewe uzito kwa kadiri ya umri na upevu wake. Hapa kwetu Zanzibar ipo Sheria ya Mtoto Nam. 6 ya 2011, ambayo wengi wetu huikumbuka pale tu inapotokea kesi ya udhalilishaji, ingawa inagusa malezi na maslahi ya mtoto kwa mapana zaidi. Mwaka 2009 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto ilifafanua kifungu hicho cha 12 ikataka, pamoja na mengine, mtoto asilazimishwe kusema, asidhurike kwa alichokisema, na baadaye aelezwe rai yake imefikia wapi. Hili la mwisho ndilo linalosahauliwa sana.

Mzee wa Konde

Wanangu, sisi tulilelewa kwamba mtoto hadakizi maneno ya wakubwa. Mkimkalisha leo mbele ya sheha, kesho atajibizana na baba yake. Tena mipango hii ni ya fedha. Mtoto anajua nini bei ya saruji?

Mwalimu wa skuli ya msingi, Micheweni

Shikamoo mzee wangu. Bei ya saruji hatumuulizi. Tunamuuliza analolijua yeye kuliko sisi, na anaulizwa kwa adabu, naye hujibu kwa adabu.

Nitatoa mfano mmoja. Kijijini kwetu kamati ilikwishachagua pahala pa kuweka mfereji wa kuchotea maji, karibu na barabara, kwa kuwa bomba kubwa linapita hapo. Nikawapa wanafunzi wa darasa la tano chaki, wachore sakafuni njia wanazopita na ndoo. Wasichana wote, bila ya kuambiana, waliuzungushia mstari mrefu ule mti wa mwembe ambapo vijana hukaa jioni wakicheza karata. Hakuna aliyesimama akalalamika, mstari ulitosha. Kamati ilisogeza mfereji upande wa skuli. Waliomba pia taa njiani, na hizo hazikupatikana, lakini mjumbe mmoja alikuja darasani akaeleza kwa nini, na nilishangaa jinsi walivyomsikiliza.

Jambo jengine ni wakati. Mchana mtoto anatoka skuli akaenda chuoni kusoma Kurani, na msimu wa karafuu baadhi yao hawaonekani kabisa, hali ya kuwa hao ndio wa kwanza wa kuulizwa. Msiwachukue wale hodari wa kusoma risala peke yao.

Mzee wa Konde

Huo mstari wa mwembe nimeufahamu. Hata mimi mjukuu wangu huzunguka, nami nilidhani ni uvivu.

Mjumbe wa shehia, Wete

Ahsanteni. Nitamuomba sheha tukae na watoto Jumamosi asubuhi, kabla ya kikao chetu na si baada yake, kila darasa kando, na wale wa mashambani tuwafuate huko huko. Maalim, hiyo chaki ulitumia ya rangi au nyeupe tu?

Mwalimu wa skuli ya msingi, Micheweni

Nyeupe kwa njia wanazozipenda, nyekundu kwa wanazoziogopa. Chukua pakiti mbili za nyekundu.