Nilipeleka Triumph ya marehemu baba ibadilishwe nyaya, nikarudishiwa moto chini ya tangi

Wakuu, nimengoja wiki tatu hasira ishuke ndipo niandike. Haijashuka. Basi naandika nayo hivyo hivyo.

Pikipiki yenyewe ni Triumph ya cc 500, ya mwaka 1967. Baba aliinunua 1974, akaenda nayo kazini Industrial Area na kurudi Kangemi mpaka magoti yalipomshinda. Alipofariki ikabaki kwangu. Injini nimeifungua mwenyewe, kabureta nimezisafisha mwenyewe, breki nimezitia mkono mwenyewe. Nyaya ndizo nilizoziogopa. Ganda la waya wa miaka zaidi ya 50 limekauka, ukiukunja unapasuka kama ganda la njugu. Nikasema hapa nisijitie ufundi, nitafute mjuzi, nimlipe, nilale.

Gereji sitaitaja. Iko hapa Nairobi, bei yake si ya mtaani, na ukutani wamebandika picha za pikipiki za zamani zinazong'aa. Hizo picha ndizo zilizonivuta. Nilidhani mtu hawezi kubandika asichokijua.

Nilichotaka kilikuwa wazi. Altaneta ya Triumph hii, yaani kile kizalisha umeme kinachozungushwa na injini, inatoa kama wati 100 na kidogo, tena injini ikiwa inazunguka vizuri. Taa ya mbele ya zamani ukiwasha kubwa inakula karibu nusu ya hizo, na koili mbili za moto wa plagi nazo zina mgao wao. Sasa kwama kwenye foleni ya Waiyaki Way saa moja jioni, injini ikinguruma polepole, uone: altaneta haitoi cha kutosha, betri ndiyo inayolipa deni, na ukifika nyumbani taa imekuwa ya manjano kama kibatari. Nikataka balbu za LED ili mzigo upungue, na nikataka kile kisanduku cha kisasa kinachofanya kazi ya rekitifaya na zena kwa pamoja. Kwa wasiojua: mfumo wa zamani una rekitifaya inayogeuza umeme wa altaneta uwe wa kuchaji betri, halafu kuna daiodi ya zena iliyofungwa kwenye bamba la alumini. Volti zikipanda kupita kiasi, zena inaumeza umeme uliozidi na kuutupa kama joto. Kwa wakati wake ilikuwa kazi nzuri. Ila ukifunga kisanduku kipya, zena na rekitifaya vinatoka vyote. Vinatoka. Neno hili mtaliona tena.

Kisanduku nilikiagiza Uingereza kwa pesa zangu, nikawapelekea mkononi. Balbu za LED nilitafuta zile zisizojali upande upi ni chanya na upi ni hasi. Hata nyaya niliwapelekea, kwa rangi za asili: za 28/0.30, yaani nyuzi 28 ndogo za milimita 0.30 ndani ya waya mmoja, kwa ajili ya njia kuu ya betri, na za 14/0.30 kwa taa na honi. Nikaomba pia waya wa athi, ule wa upande wa betri unaofungwa kwenye fremu, wa peke yake uende mpaka kwenye taa ya mbele, kwa sababu hizi pikipiki zilitegemea umeme upite kwenye beringi za usukani, na beringi zimejaa grisi.

Halafu kuna jambo nililolisema mara nne, nikaliandika kwa kalamu nene kwenye tepu nyeupe, nikaibandika chini ya kiti, pale pale betri inapokaa: CHANYA KWENYE FREMU.

Yaani kichwa chanya cha betri ndicho kinachoungwa kwenye chuma cha pikipiki. Pikipiki za Kiingereza za wakati huo, zenye umeme wa Lucas, kampuni ya Uingereza ya vifaa vya umeme, ndivyo zilivyofungwa. Waya mwekundu, ambao fundi aliyezoea Boxer na TVS za boda ataudhani ndio wenye moto, yaani unaopeleka umeme, ni athi. Moto uko kwenye waya wa kahawia wenye mstari wa buluu. Si siri ya mtu, imo kwenye kitabu cha matengenezo, na mchoro niliwachapishia kwa rangi, kurasa mbili, nikawaachia.

Wiki mbili walizoniahidi zikawa miezi mitatu. Nikipiga simu ni "kesho, bosi". Siku moja nikatumiwa ujumbe: "Inakula fyuzi lakini tumeshamaliza hiyo shida." Nikafurahi! Ningejua walivyoimaliza ningeenda usiku huo huo na pikapu. Nilikuwa nimelipa 20,000 mwanzoni, siku ya kuchukua nikatuma 22,000 kwa M-Pesa. Jumla 42,000, na hapo vifaa ni vyangu, nawalipa kazi tu.

Niliichukua Ijumaa jioni. Iliwaka kwa teke la pili, taa nyeupe, honi inalia. Nakiri nililengwalengwa na machozi, nikamkumbuka mzee.

Pale Expressway inapoishia, njia panda ya James Gichuru, nikasikia harufu. Harufu ya plastiki inayoungua mnaijua. Nikatazama chini, moshi unatoka kati ya tangi na fremu, kwenye mapaja yangu. Tangi nilikuwa nimelijaza petroli dakika kumi tu zilizopita. Nikazima, taa zikabaki zimewaka. Nikaivuta kando, nikang'oa kiti, nikashika waya wa betri kwa mkono mtupu, nikaungua vidole vitatu na bado haukutoka kwa sababu walikuwa wameukaza kwa nati iliyolika. Kijana wa boda aliyekuwa nyuma yangu ndiye aliyesimama, akatoa koleo, akaukata. Sikuuliza hata jina lake. Ndugu, kama unasoma huku, Mungu akubariki wewe na mkono wako.

Tukaisukuma mpaka Kangemi. Kesho yake nikaifungua na testa mkononi.

Betri imegeuzwa. Hasi ndiyo iko kwenye fremu. Tepu yangu nyeupe wameibandua, alama ya gundi bado ipo.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana mtu atakuja hapa aseme kugeuza si kosa. Ni kweli, si kosa. Ukitaka kuipeleka pikipiki hii kwenye hasi inawezekana: taa hazijali, honi haijali, platini zinazokata na kuunga umeme wa koili hazijali, koili unabadilisha waya upande, na kisanduku kipya unakifunga kulingana na upande uliouchagua. Lakini zena lazima itoke kwanza. Zena ina upande. Katika upande wake inangoja volti zipande ndipo ipitishe. Ukiigeuza inakuwa daiodi ya kawaida iliyofunguliwa wazi, yaani ni sawa na kuchukua spana ukaunganisha vichwa viwili vya betri. Na zena yangu niliikuta pale pale ilipokuwa tangu 1967, imefungwa kwenye bamba lake, waya wake umeunganishwa! Kisanduku kipya wamekifunga, zena ya zamani hawakuitoa, kwa sababu hawakujua ni nini. Hawakuuliza. Walidhani ni pambo?

Ndipo nikaelewa ile "inakula fyuzi". Fyuzi ilikuwa inakatika kwa haki yake kabisa. Kila ilipokatika ilikuwa inawaambia kuna njia ya mkato mahali fulani, itafuteni. Wao wakatafuta waya wa shaba. Ndiyo, ndani ya kishikilia fyuzi nimekuta waya wa shaba uliosokotwa. Umeme wote wa betri ukapita, zena ikaungua mpaka ikakata yenyewe, "shida ikaisha", lakini waya wa zena ulikuwa umeshayeyusha ganda lake na la majirani zake ndani ya tepu. Kutoka hapo ilikuwa suala la mtikisiko. Na Triumph ya silinda mbili inatikisika, hilo halihitaji shahada.

Hayo peke yake yalitosha. Lakini endelea kufungua. Nyaya zangu za nyuzi 28 sikuziona. Mahali pake kuna waya wa nyumba, ule wa uzi mmoja mgumu wa kupitisha ukutani. Wa nyumba! Ukuta hautikisiki. Waya wa uzi mmoja kwenye pikipiki unachoka pale unapopinda, unakatika ndani kwa ndani, ganda likabaki zima, na wewe unabaki kutafuta tatizo mwezi mzima. Rangi ni moja, nyeusi, kutoka taa ya mbele mpaka ya nyuma. Ndani ya kikombe cha taa nimehesabu maungio 11 yaliyosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu. Hakuna lililolehemiwa, hakuna lililobanwa. Waya wa athi nilioomba haupo.

Jumatatu nikarudi nao mkononi, mkungu mzima wa nyaya zilizoungua. Mwenye gereji hakuugusa. Akaniambia: "Mzee, hizi pikipiki za zamani ndivyo zilivyo."

Wakuu, hapo ndipo penyewe. Moto nimeumeza. Pesa naziuguza. Neno hilo ndilo lililonitoa usingizini wiki tatu. Ndivyo zilivyo vipi? Hii pikipiki ilimbeba baba mvua na jua, na haikuwahi kumchoma. Nyaya zilizokuwemo zilidumu nusu karne. Zake yeye zimedumu kutoka gereji mpaka James Gichuru. Mimi sina ugomvi na fundi asiyejua. Fundi wa Boxer anaijua Boxer, na nikimpelekea Triumph akaniambia "mzee, hii sijawahi", nitampa mkono na kumnunulia chai. Ugomvi wangu ni na mtu anayepewa mchoro asiusome, anayebandua onyo, kisha anabebesha chuma lawama kwa sababu chuma hakijibu.

Nikaomba nirudishiwe pesa. Akasema niongeze 15,000 wairudie. Nikaomba basi nyaya zangu mpya. "Zilitumika." Wapi? Nikaomba mkungu wa zamani na rekitifaya, hata kama vimekufa, maana kwenye ule mkungu baba aliwahi kuunga waya mmoja wa breki kwa mkono wake na kuuzungushia kitambaa, na nilitaka kuuhifadhi. Kijana mmoja pale akasema kwa sauti ya chini kwamba nyaya za zamani zilikwenda na mtu wa skrepa. Kwa shaba kidogo tu. Nilitoka bila kujibu kwa sababu ningejibu vibaya.

Kwa hiyo nauliza wenzangu wenye pikipiki za namna hii, mnaozipeleka kila mwaka Concours d'Elegance, yale mashindano ya magari na pikipiki zilizotunzwa, pale Ngong Racecourse zikiwa zinawaka vizuri: nani anawafanyia umeme? Najua wako wazee mjini waliowahi kushika umeme wa Lucas kwa mikono yao. Kama kuna mmoja bado ana macho na subira, nitampeleka na kumrudisha kwa gari, nitamlipa anachotaka, nami nitakaa kando nishike tochi nijifunze.

Na wewe unayetaka kuikabidhi yako wiki hii, kabla hujaacha ufunguo mwulize fundi swali moja tu: waya mwekundu kwenye hii ni wa nini? Akijibu haraka bila kuutazama mchoro, washa uondoke.

Triumph iko chini ya turubai. Kisanduku kipya nimekipima, kimepona. Jumamosi nilishuka Luthuli, mtaa wa maduka ya umeme mjini, nikanunua mirija ya kubana kwa joto na risasi ya kulehemia, na mchoro nimeubandika upya ukutani. Nilichokosa ni waya wa 28/0.30 wa kahawia wenye mstari wa buluu, mita nne, na kishikilia fyuzi cha glasi. Mwenye navyo aniandikie, nitakuja kuchukua popote alipo.