Naomba ushauri: nyaya za stata kwenye Massey Ferguson 135

Habari wakuu. Nipo Urambo, Tabora. Mvua zimekaribia na trekta langu la zamani haliwaki kwa ufunguo. Fundi alifumua nyaya za stata akaondoka bila kumaliza. Betri ni mpya, volti 12. Nikigusisha waya kutoka chanya ya betri hadi nguzo ndogo ya solenoidi (swichi inayopeleka umeme mkubwa kwenye stata), injini inazunguka vizuri (gia naweka huru kwanza, linaweza kukukanyaga). Kwa hiyo stata na solenoidi ni nzima.

Ninapokwama ni waya mwembamba: unatoka swichi ya ufunguo, unapita swichi ya usalama ya gia (inayozuia stata kuzunguka kama gia haiko huru), ndipo unaingia solenoidi? Wengine wananiambia niiruke ile ya gia. Sitaki, watoto hupanda pale. Nitaipimaje kama bado inafanya kazi?