Bei ya mafuta ya kula haitulii: duka la jumla Mwanjelwa, Mbeya, lifanyeje?

DukaMwanjelwa
Wakuu, habari za kazi. Nauza mawese yaliyosafishwa kutoka Dar na alizeti ya huku, madumu 60 ya lita 20 kwa wiki. Bei ikipanda, pesa ya mauzo hairudishi mzigo uleule. Ikishuka, jirani anauza chini yangu. Nijaze stoo au ninunue kidogo kidogo?

Mizani
Kidogo kidogo, mkuu, mzigo wa siku 7 hadi 10. Ila kwanza rekebisha upangaji wa bei: angalia bei ya kurudishia mzigo leo, si uliyonunulia. Mfano, dumu umechukua kwa 80,000, unauza 84,000, na leo bei ya jumla ni 85,000. Hapo hakuna faida, mtaji umepungukiwa 1,000 kila dumu. Piga simu kwa wauzaji wawili kabla hujafungua. Bei ikishuka, shusha siku hiyohiyo.

Usikope kujaza stoo. Mwaka 2022 Indonesia ilizuia mawese yake kuuzwa nje ya nchi tarehe 28 Aprili, ikaruhusu tena 23 Mei. Kufikia Julai bei ya mawese kwenye soko la Malaysia ilikuwa imeporomoka. Aliyenunua kileleni kwa mkopo alilipa riba juu ya hasara.

MkamuajiIringa
Bei ya mawese inafuata soko la Malaysia na thamani ya dola. Alizeti inafuata mavuno: bei ya mbegu hushuka Juni hadi Agosti, hupanda kuelekea masika. Ukitaka akiba, weka mbegu kavu badala ya mafuta. Unyevu usizidi asilimia 9, la sivyo gunia linapata joto, linaota ukungu na mafuta yanachacha.

Dumu la lita 20 ni kama kilo 18.4 za mafuta. Mashine ikitoa mafuta asilimia 28 ya uzito wa mbegu, unahitaji kilo 66 za mbegu. Jumlisha mbegu, kukamua na usafiri, kisha toa thamani ya mashudu (makapi ya mbegu yanayobaki baada ya kukamua), ambayo huwa zaidi ya kilo 40. Kubalianeni mapema mashudu ni ya nani! Mwenye mashine akiyachukua, kukamua "kwa bei nafuu" kunaweza kuwa ghali kuliko kulipia.

DukaMwanjelwa
Nimeelewa. Na baridi ya Juni na Julai? Mawese yanaganda, wateja wanadhani yameharibika.

Mizani
Hayajaharibika, yaweke penye joto yatayeyuka. Miezi hiyo agiza mawese 20 na alizeti 40, maana ndipo alizeti mpya inaingia sokoni. Lililoganda lipime kwa mizani wakati wa kupokea: karibu kilo 18 za mawese pamoja na uzito wa dumu tupu. Likipungua, lirudishe kabla gari halijaondoka.